SOMO LA MWEZI: WAZEE WETU WAKAE WAPI?

Masomo: 2 Samweli 19:31–39, Mwanzo 45:25–46:7 na 47:27–31, Yohana 19:25–27.

Mwezi huu twataka tujifunze pamoja jambo lililoingia katika nyumba nyingi za Wakristo, nalo mara nyingi huamuliwa kwa haraka, kwa simu, au katika matanga. Ni habari ya mume na mke waliozeeka pamoja, nguvu zimewapungukia, na watoto wameanza kuulizana: "Sasa wakae wapi?"

Tuchukue mfano. Mzee ana miaka 82, bibi ana miaka 76. Wanakaa shambani karibu na Muheza, kati ya michungwa na minazi waliyoipanda wenyewe. Bibi ana kisukari, na miguu yake inakufa ganzi. Mzee haoni vizuri, na juzi alianguka usiku akienda chooni. Watoto wakakutana, wakakata shauri: mama aende Dar es Salaam kwa binti yake, awe karibu na hospitali, baba abaki na kijana wa mwisho, alinde shamba. Nauli imekwisha kupatikana. Lakini wazee wenyewe hawakuulizwa.

Watoto hawa si wabaya. Wanawapenda wazazi wao. Hata hivyo, hebu tusikie Neno la Mungu linavyotufundisha.

Barzilai alibaki

Barzilai Mgileadi alikuwa na miaka 80. Alikuwa amemtunza Mfalme Daudi kwa vyakula kule Mahanaimu, wakati Daudi alipomkimbia Absalomu. Vita vilipokwisha, Daudi alitaka kumlipa: alimwalika aende Yerusalemu, akatunzwe nyumbani mwa mfalme. Ni nani angekataa? Lakini Barzilai alikataa kwa adabu. Alieleza udhaifu wake bila kuuficha: utamu wa chakula hausikii tena, wala sauti za waimbaji, naye hakutaka kuwa mzigo kwa mfalme. Aliomba arudi akafie katika mji wake, penye kaburi la baba yake na mama yake. Akamtoa Kimhamu aende badala yake.

Daudi alifanyaje? Hakumlazimisha, wala hakuona kwamba amedharauliwa. Alimbusu, akambariki, akamwacha aende zake. Tena hakumsahau, maana alipokaribia kufa alimwagiza Sulemani awatendee mema wana wa Barzilai (1 Wafalme 2:7). Basi, kumwacha mzee akae kwake si kumtupa, mradi fadhili zimfuate huko huko aliko.

Yakobo alihama

Yakobo alikuwa na miaka 130 alipoitwa na Yusufu kwenda Misri. Njaa ilikuwa kali, na kubaki Kanaani kungaliwaletea mauti. Yusufu hakutuma maneno matupu. Alituma magari ya kumchukua baba yake, na chakula cha njiani. Yakobo alipoyaona magari, roho yake ilifufuka, akasema mwenyewe kwamba atakwenda. Hata hivyo alikuwa na hofu moyoni, kwa maana alipofika Beer-sheba alisimama kumtolea Mungu dhabihu, na usiku Mungu akamwambia asiogope kushuka Misri. Kama Yakobo aliogopa kuhama, tusiwashangae wazee wetu wakilia siku ya kufunga mizigo.

Huko Gosheni aliishi miaka 17. Naye alimwapisha Yusufu asimzike Misri, bali kwa baba zake, na Yusufu akaitimiza ahadi hiyo.

Twaona basi kwamba Barzilai alibaki na Yakobo alihama, na Maandiko hayamlaumu hata mmoja. Lililo sawa kwa wote wawili ni hili: kila mmoja alisema neno lake mwenyewe, nalo lilisikilizwa.

Mume na mke wasitenganishwe ovyo

Turudi kwa wazee wetu wa Muheza. Shauri la watoto lina kosa jingine kubwa kuliko la kutokuuliza: limewagawa wawili hawa kama watu wanavyogawana mbuzi. Siku ya arusi waliahidiana mbele ya Mungu kutunzana katika afya na katika ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ndio huu sasa. Mzee ndiye anayemkumbusha bibi dawa zake. Bibi ndiye macho ya mzee. Ukiwatenga, kila mmoja amepoteza nusu ya nguvu iliyobaki. Ikiwa matibabu yanamtaka mmoja aende mjini, na yajulikane ni majuma mangapi. Na ikiwa ni kuhama kabisa, tutafute kwanza njia ya kuwahamisha wote wawili.

Mambo yafaayo kufanywa

Kwanza, wazee waulizwe, kila mmoja kwa nafasi yake, kisha wote pamoja. Mama wengine hawasemi mbele ya baba, na baba wengine hawasemi mbele ya watoto.

Pili, tusiuite uzee ugonjwa unaotibika. Mzee asiyeona huenda ana mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji, na wengi huona tena. Mwenye kisukari akaguliwe nyayo kila siku, maana mguu uliokufa ganzi hausikii jeraha.

Tatu, nyumba itengenezwe kabla ya kuhamwa. Taa ya usiku, njia ya chooni isiyo na mashimo, mti wa kushika ukutani, na kiti cha kukalia chooni badala ya kuchuchumaa: hayo hayana gharama kubwa, nayo huzuia watu kuanguka na kuvunjika nyonga.

Nne, nyumba na shamba visiuzwe kwa haraka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Zaidi ya sheria, mzee aliyeuziwa nyumba hana pa kurudi mambo yakimshinda mjini.

Tano, mzigo ugawanywe. Mara nyingi binti mmoja au mkwe mmoja ndiye anayefua, anayepika na anayekesha, na wengine hutuma fedha kidogo na mashauri mengi. Bwana Yesu aliwakemea waliotumia nadhiri ya Korbani ili wasiwasaidie wazazi wao (Marko 7:9–13). Kusema "Niko mbali" kusiwe Korbani yetu.

Na wasio na watoto je? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia kuwa ya kwanza katika kuwatunza wazee, na makao ya wazee kuwa njia ya mwisho. Lakini Bwana Yesu, akiwa msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi ambaye hakumzaa, naye akamchukua nyumbani kwake. Hapo ndipo familia ya kanisa inapoanza kazi yake. Asiye na mtoto asikose mtu wa kumtekea maji. Asiyeweza kuja kanisani apelekewe Ushirika Mtakatifu nyumbani, na mgonjwa aombewe na kupakwa mafuta (Yakobo 5:14). Anayehama apewe barua kwa padri wa huko aendako, asije akawa mgeni hata katika nyumba ya Mungu.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika mtaa wetu, ni wazee gani wanaokaa wawili peke yao? Nani aliwatembelea mwezi huu?
2. Yusufu alituma magari. Sisi tunatuma nini?
3. Wewe ukizeeka, ungependa kuwa kama Barzilai au kama Yakobo? Umewaambia watoto wako?

Tuombe

Ee Mungu, uliyekuwa pamoja na Yakobo njiani na pamoja na Barzilai nyumbani, uwatazame watumishi wako waliozeeka. Uwape wakaao amani, na wahamao ujasiri. Utupe sisi masikio ya kuwasikia na mikono ya kuwatunza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.