Hashtegi Haiuzi Embe Bovu: Somo kwa Wafanyabiashara Wadogo wa Makueni

Msimu wa maembe unapoanza, simu zetu hujaa picha za matunda. Kila muuzaji hupiga picha, huandika maneno mawili matatu, kisha huongeza alama za # kumi au ishirini chini yake. Wiki mbili baadaye maembe yanaoza chini ya mti na muuzaji anauliza: mbona hashtegi haikuniletea wateja?

Somo hili limeandaliwa kwa mkazi mwenye biashara ndogo: kikundi kinachokausha maembe, mfugaji wa nyuki, fundi wa viatu, mwenye mkahawa kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa. Huhitaji wakala wa matangazo. Unahitaji simu, bando na kuelewa jambo moja: hashtegi haikutengenezei jina, bali hukusanya mahali pamoja yale ambayo watu wanayasema juu yako, mazuri na mabaya.

HASHTEGI HUFANYAJE KAZI?

Hashtegi, ambayo wengine huiita alama ya reli, ni alama ya # ikifuatwa na neno. Wazo la kuitumia kukusanya mazungumzo kwenye mtandao wa Twitter, ambao leo unaitwa X, lilitolewa na Mmarekani Chris Messina tarehe 23 Agosti 2007. Baadaye Instagram na Facebook pia ziliikubali, na TikTok huitumia vivyo hivyo. Anayebofya #Makueni huletewa machapisho ya watu wengi walioandika neno hilo, hata wasiojuana.

Ifananishe na baraza chini ya mwembe. Wewe unaweza kuitisha baraza na kutaja ajenda, lakini kila aliyefika ana haki ya kusimama na kusema lake.

Zingatia mambo mawili. Akaunti yako ikiwa ya faragha, asiyekufuata hataona chapisho lako hata ukiweka hashtegi mia. Na kwenye status ya WhatsApp, alama hiyo haikusanyi machapisho ya watu wengine. Huonekana tu na wenye namba yako.

WALIOITISHA BARAZA NA KUJUTA

Januari 2012, kampuni ya McDonald's ya Marekani iliilipa Twitter ili kutangaza wakulima wanaoiuzia mazao. Ilianza na #MeetTheFarmers, yaani kutana na wakulima, na hapakuwa na tatizo. Siku hiyo hiyo ikaleta #McDStories, ikiwaalika watu kusimulia habari za McDonald's. Watu walisimulia kweli: chakula kibaya, huduma mbovu, matumbo kuuma. Kampuni iliondoa tangazo kabla ya saa mbili kwisha, lakini haikuweza kuwanyamazisha watu.

Septemba 2014, wanawake wengi wa Marekani walitumia #WhyIStayed kueleza kwa nini waliendelea kuishi na waume waliowapiga. Kampuni ya pizza ya DiGiorno iliona neno hilo likivuma, ikalidandia bila kusoma, ikaandika kwamba yenyewe ilibaki kwa sababu kulikuwa na pizza. Ilifuta chapisho na kuomba radhi, lakini watu walikuwa wameshaumia.

Wakenya nao wanaijua nguvu hii. Julai 2015, kabla ya ziara ya Rais Barack Obama, kituo cha CNN kilisema anaelekea kwenye kitovu cha ugaidi. Wakenya walijibu kwa #SomeoneTellCNN, na mwezi uliofuata mkuu mmoja wa kituo hicho, Tony Maddox, alifika Nairobi kuomba radhi. Ikiwa hashtegi inaweza kumtoa mkuu wa CNN Marekani, malalamiko ya mteja mmoja aliyeuziwa asali iliyochanganywa na sukari hayatashindwa kufika Emali.

HATUA SITA ZA KUFUATA

Tuseme kikundi cha akina mama wa Kathonzweni kinakausha maembe na kinataka wanunuzi wa Nairobi. Kifanye hivi.

1. Kianze na bidhaa. Je, pakiti zote zina uzito mmoja? Zimefungwa vizuri? Mteja akiagiza pakiti 50 leo, zitafika lini? Kama majibu hayapo, hashtegi ingoje. Kuwaita watu wengi waje kuona udhaifu wako ni hasara.

2. Kichague neno moja lake, na kilitafute kwanza. #EmbeKavuMakueni ni fupi na linaeleweka. Kabla ya kulitumia, liandikwe kwenye sehemu ya kutafutia ya kila mtandao ili kuona nani analitumia na kwa jambo gani. Kila neno lianze kwa herufi kubwa. Mwaka 2013, Margaret Thatcher alipofariki, watu waliandika #nowthatchersdead kwa herufi ndogo tupu. Baadhi walisoma kwamba mwimbaji Cher amekufa, kumbe yu hai. Herufi kubwa pia husaidia programu zinazowasomea wasioona.

Hapa kuna mtego wa Kiswahili. Hashtegi haikubali nafasi wala alama ya ritifaa. Mfugaji akiandika #MaziwaYaNg'ombe, mtandao utasoma #MaziwaYaNg na kuacha mengine. Afadhali aandike #MaziwaFreshiWote au neno jingine lisilo na ritifaa.

3. Kiulize swali jembamba, na kimpe mtu sababu ya kujibu. "Tuambieni mnavyotuona" ndiyo njia ya #McDStories. "Unakula embe kavu na nini? Tuonyeshe" ni swali lenye mipaka. Mwaka 2011 Coca-Cola nchini Australia iliandika majina 150 ya kawaida kwenye chupa, na watu wakapiga picha za chupa zenye majina yao au ya wapendwa wao. Hakuna aliyelazimishwa, kwani jina lake lilikuwa sababu tosha. Kikundi chetu kinaweza kuandika kwa mkono jina la mteja kwenye kila pakiti. Kalamu haigharimu sana.

4. Kiombe idhini ya picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamhusu hata mwenye kibanda. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya burudani faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mteja kuingia dukani kwako si ruhusa ya kumweka mtandaoni. Muulize, mweleze picha itatumika wapi, na akikataa usimlazimishe. Akikubali kisha akabadili nia, iondoe. Picha za watoto ziache kabisa kama mzazi hajakubali.

5. Kiwe na mtu wa kujibu. Kikundi kimteue mwanachama mmoja wa kufungua hashtegi asubuhi na jioni. Mteja akilalamika, asifutwe wala asitukanwe. Ajibiwe hadharani kwa adabu: "Pole sana dada, tutakuletea pakiti nyingine kesho," na kesho iletwe kweli. Wanaosoma kimya ni wengi kuliko wanaoandika, na wao ndio wateja wako wa kesho.

6. Kihesabu mauzo, si sifa. Kila mnunuzi aulizwe: "Ulitusikia wapi?" Jibu liandikwe daftarini. Mwisho wa mwezi, alama za kupendwa 2,000 bila mteja mmoja ni hasara ya bando. Wateja 12 walioagiza tena ni biashara.

TAHADHARI KUHUSU KUVUMISHWA

Wapo vijana wa mitandaoni wanaolipwa kuvumisha hashtegi. Akaunti nyingi huandika neno moja kwa saa chache, likapanda kwenye orodha ya yanayovuma, kisha likasahaulika. Kabla ya kutoa pesa za kikundi, uliza: hawa wanaoandika wamewahi kuonja embe letu? Wanaishi tunakoweza kufikisha mzigo? Kama jibu ni hapana, pesa hizo zinunue mifuko bora ya kufungia.

Mimi mwenyewe niliwahi kujifunza hili kwa aibu. Katika maonyesho fulani tulikuwa tumeandika hashtegi moja kwa tahajia tatu: moja kwenye bango, nyingine kwenye fulana, ya tatu kwenye karatasi za kugawa. Wageni walichapisha picha nzuri, lakini zilitawanyika mahali patatu, na nyingine hatukuzipata tena. Tangu hapo, kabla ya kitu chochote kwenda kwa mchapishaji, watu wawili husoma neno hilo herufi kwa herufi.

ZOEZI LA WIKI HII

Kaa na wenzako wa biashara, mchukue karatasi na kujibu maswali manne. Mteja akilalamika leo, nani atamjibu? Neno letu ni lipi, na tumelitafuta mitandaoni? Swali letu kwa wateja ni lipi? Idhini za picha tutaziweka wapi? Mkishindwa kujibu hata moja, msichapishe kwanza.

Mkihitaji msaada, fikeni katika ofisi ya biashara ya kaunti ndogo yenu pamoja na karatasi hiyo na, kama mnayo, sampuli ya bidhaa. Tutaanza kwa kuionja bidhaa, kisha tutaongea kuhusu hashtegi.