Kipepeo wa Mpunga na Bomba la Dawa

Katika mashamba ya mpunga ya Afrika Mashariki huruka kipepeo mdogo wa kahawia ambaye wengi humdhania kuwa nondo. Kitaalamu huitwa Pelopidas mathias. Mwili wake ni mnene, kichwa kipana, na ncha za vipapasio vyake zimepinda kama ndoana. Mabawa ya mbele yana vidoa vyeupe vinavyopitisha mwanga. Dume huongezewa mstari wa kijivu uliokaa mshazari. Hapepei polepole kama vipepeo wa bustanini, bali huchomoka, hutua, kisha huchomoka tena.

Jike hutaga yai mojamoja juu ya jani la mpunga au la nyasi za kandokando. Kiwavi wake ni wa kijani, laini, asiye na nywele za kuwasha. Hivyo mwenye vipele baada ya kugusa viwavi atafute mkosaji mwingine. Huyu hukunja jani, hulishona kwa uzi utokao kinywani mwake, akajificha humo mchana na kula zaidi usiku.

Majani hayo yaliyokunjwa ndiyo humtia mkulima hofu, akashika bomba la dawa. Mara nyingi hofu hiyo haina msingi. Kwa kawaida viwavi hawa ni wachache, na mpunga uliostawi hufidia majani yaliyoliwa. Nyigu wadogo hutaga ndani ya mayai ya kipepeo huyu, na buibui na ndege humwinda. Dawa huwaua nyigu na buibui hao pia.

Humdhuru na mpulizaji. Dawa za jamii ya oganofosfati hupenya hata kwenye ngozi na kuzuia kimeng'enya cha asetilikolinesterasi. Mgonjwa hutokwa na mate, machozi na jasho jingi. Mboni hunywea, hutapika, huharisha, misuli humchezacheza, na pumzi hubana. Kinachoua hasa ni kushindwa kupumua.

Mhudumu avae glavu, ahakikishe njia ya hewa i wazi, amvue mgonjwa nguo zilizolowa na kumwosha kwa sabuni na maji mengi. Asimtapishe. Atropini hurudiwa na kuongezwa hadi majimaji ya kifuani yakauke na pumzi itulie. Kutazama mboni peke yake hupotosha. Ndugu walete chupa ya dawa pamoja na lebo yake, hata kama imebaki tupu.

Mgonjwa akipata nafuu, aulizwe alikuwa akipulizia nini. Akitaja majani ya mpunga yaliyokunjwa, aelezwe kwamba yakiwa machache hufunguliwa kwa mkono na kiwavi akapondwa.