Shosho Anasema Utamaliza Magoti

Mdogo wangu wa Dundori, barua yako nimeisoma. Umeanza kukimbia alfajiri, na shosho anakuonya kwamba utamaliza magoti kabla hujaolewa. Shosho mheshimu, lakini raba usizigawe.

Ncha za mifupa yako zimefunikwa na gegedu, nayo haina mishipa ya damu. Ukikanyaga, inabanwa kama sponji. Ukiinua mguu, inavuta ute unaoilisha. Goti la kukaa tu linashinda njaa. Mwaka 2017 watafiti walijumlisha tafiti nyingi wakaona yabisi ya goti au nyonga kwa watu kama 3.5 kati ya kila 100 wanaokimbia kwa starehe, 10.2 kwa wasiokimbia, na 13.3 kwa wakimbiaji wa mashindano makubwa. Usinielewe vibaya, huenda baadhi ya wenye magoti mabovu waliacha kukimbia mapema. Na ile 13.3 ya mashindano isikutishe, wewe hujafika huko kwa kina Kipchoge.

Kinachoniogopesha ni pupa. Pumzi na misuli huimarika kwa wiki chache, kano na gegedu huchukua miezi. Ndiyo maana siku unayojisikia simba ndiyo ya kujizuia. Changanya kutembea na kukimbia, pumzika siku moja katikati, na ule mteremko wa kwenda Lanet uteremke ukitembea kwanza, maana goti huumia zaidi kushuka kuliko kupanda. Fanya pia mazoezi ya mapaja. Paja lenye nguvu hulipunguzia goti mzigo.

Na shosho mwenyewe, magoti yake yaliisha wapi? Baridi huzidisha maumivu kwa wengine, ila si yenyewe iliyoyamaliza magoti yake. Miaka ya kuchuchumaa kwenye mitaro ya viazi, na gunia la mukorino, lile lililojazwa kupita kiasi, mgongoni! Sheria inasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, na hata hizo si za mgongo wa mwanamke. Mtafutie mkokoteni.

Maumivu madogo yanayoisha kufikia kesho yake hayanisumbui. Goti likivimba, likikwama au likikuachia ghafla, usimeze dawa ya dukani ukarudi barabarani. Nenda hospitali, kwa sababu jeraha lililopuuzwa huleta yabisi kuliko mbio zenyewe. Na vidole vya mikono miwili vikivimba, vikakakamaa kila asubuhi zaidi ya nusu saa, huenda huo ni ugonjwa mwingine kabisa, na hauna muda wa kusubiri.