SOMO LA LISHE: UNGA UPI UNA FAIDA KWA PESA YAKO?



Protini ndiyo inayojenga mwili. Sokoni kuna pakiti za unga wa lishe zenye picha ya mtoto mnene. Usinunue picha. Piga hesabu kwanza.

1. Soma pakiti. Tafuta gramu za protini katika kila gramu 100. Unga wa mahindi una karibu 8, maharage makavu 21, karanga 25, soya 36, dagaa wakavu zaidi ya 50.

2. Linganisha bei. Tuseme kilo ya unga wa lishe wenye gramu 12 ni shilingi 4,000. Kwa shilingi 1,000 unapata gramu 30. Kilo ya maharage ikiwa shilingi 3,000, kwa shilingi 1,000 hiyo hiyo unapata gramu 70.

3. Angalia vilivyomo. Kinachotajwa kwanza ndicho kingi. Kama ni sukari, umelipia utamu.

4. Changanya mwenyewe: unga wa mahindi vikombe 3, unga wa soya kikombe 1. Soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, kwani ikiwa mbichi huzuia mwili kutumia protini. Karanga zenye ukungu zitupwe, zina sumu.

KUMBUKA: Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu. Unga anaopewa mtoto aliyekonda kliniki ni dawa yake; usiuuze wala usiugawe.

SWALI: Kilo ya dagaa ikiwa shilingi 10,000, utapata gramu ngapi kwa shilingi 1,000? Mfundishe na jirani asiyejua kusoma.