Udongo Uuwahi Ungali Maji: Jiji la Los Angeles na Miswada ya Jimbo

Mambo mengi yanayomgusa mkazi wa Los Angeles hayaamuliwi Los Angeles. Huamuliwa Sacramento, makao makuu ya jimbo la California, umbali wa takriban kilomita 600. Lakini jiji nalo lina njia ya kupeleka neno lake huko kabla muswada haujawa sheria, na njia hiyo huanzia kwenye kamati ambayo wakazi wengi hawajawahi kuisikia. Haya ni maswali yanayoulizwa mara kwa mara.

Kwa nini jiji lijishughulishe na miswada ya jimbo?

Kwa sababu jimbo lina uwezo wa kulifunga jiji mikono. Katiba ya Tanzania inazitambua serikali za mitaa katika ibara ya 145 na 146. Katiba ya Kenya ya 2010 imeweka kaunti 47. Lakini Katiba ya Marekani haitaji miji popote. Jiji hupata mamlaka yake kutoka jimboni.

Chukua kodi ya nyumba. Los Angeles hudhibiti upandaji wa kodi katika majengo mengi ya kupanga yaliyojengwa hadi Oktoba 1978. Sheria ya jimbo ya 1995, ijulikanayo kama Costa-Hawkins, inalizuia jiji kuusogeza mbele mwaka huo, hata madiwani wote 15 wakikubaliana. Mpangaji anayeishi katika jengo la 1985 hawezi kusaidiwa na diwani wake pekee. Mlango wake uko Sacramento.

Msimamo wa jiji hupatikanaje?

Diwani huandika azimio linalotaja muswada na sababu za kuuunga mkono au kuupinga. Kwa kawaida azimio hupelekwa Kamati ya Kanuni. Ofisi ya Mchambuzi Mkuu wa Baraza la Jiji huusoma muswada, huuliza idara zitakazoguswa, kisha huandika taarifa: muswada unabadilisha nini, na jiji litapata au kupoteza nini. Kamati hutoa pendekezo, Baraza zima hupiga kura, na meya huafiki. Hapo ndipo msimamo unapokuwa wa jiji. Diwani mmoja anaweza kuandika barua kwa jina lake mwenyewe, ila hawezi kusema kwa niaba ya Los Angeles.

Kuna misimamo ya aina gani?

Kuna kuunga mkono na kuna kupinga. Katikati yake kuna misimamo miwili yenye masharti: kuunga mkono ikiwa muswada utarekebishwa, na kupinga usiporekebishwa. Usiichukulie hii kama kigeugeu. Muswada hubadilika mara nyingi ukiwa njiani, na msimamo wenye sharti humwonyesha mwandishi wa muswada kifungu hasa kinacholeta tatizo, ili mazungumzo yaendelee.

Je, Bunge la jimbo linalazimika kulisikiliza jiji?

Halilazimiki. Mfano wa karibuni ni muswada SB 79 wa Seneta Scott Wiener, unaoruhusu maghorofa marefu zaidi karibu na vituo vikubwa vya usafiri wa umma. Agosti 2025, Baraza la Jiji lilipiga kura 8 kwa 5 kuupinga usiporekebishwa. Lilitaka miji ambayo mpango wake wa makazi umekwisha kuidhinishwa na jimbo isiguswe. Meya Karen Bass naye aliupinga. Bunge liliupitisha, na Oktoba 10, 2025 Gavana Gavin Newsom akautia saini.

Basi kuna faida gani?

Wawakilishi wa jiji walioko Sacramento hupata ruhusa ya kuzungumza kwa jina la jiji. Kila muswada unapofika mbele ya kamati ya Bunge huandikiwa uchambuzi, na humo huorodheshwa waliouunga mkono na walioupinga. Mbunge anayesoma ukurasa ule huona jina la jiji lenye watu wapatao milioni 3.8. Jina hilo halitoshi kushinda kila mara, lakini jiji lililonyamaza halimo kabisa kwenye orodha.

Mkazi wa kawaida ana nafasi gani?

Anayo, na sheria inamlinda. Kwa mujibu wa Sheria ya Brown ya 1953, ajenda ya mkutano wa kawaida wa kamati lazima itangazwe angalau saa 72 kabla, na umma lazima upewe nafasi ya kusema. Hulazimiki kutaja jina lako ili uhudhurie. Hulazimiki kuwa raia. Na wewe unayejieleza vizuri zaidi kwa Kiswahili, jua hili: tangu mabadiliko ya 2016, anayetumia mkalimani hupewa angalau mara mbili ya muda wa wasemaji wengine, isipokuwa pale penye vifaa vya kutafsiri papo hapo. Usikubali kukatishwa kabla mkalimani wako hajamaliza.

Njia nyingine ni mabaraza ya mitaa. Los Angeles ina 99, na mtu anayeishi, kufanya kazi au kumiliki mali katika eneo husika anaweza kushiriki. Baraza la mtaa lina haki ya kuwasilisha tamko rasmi ambalo huingia katika jalada la azimio na kusomwa pamoja na taarifa ya mchambuzi.

Wakati mzuri wa kusema ni upi?

Mapema. Miswada mingi ya California huwasilishwa kabla ya mwisho wa Februari. Katika miezi inayofuata, kamati huirekebisha, na neno moja linaweza kuongezwa au kufutwa bila vita kubwa. Kufikia Agosti na Septemba, kura zimekwisha kuhesabiwa vichwani mwa wabunge. Ukisikia muswada unaogusa nyumba yako, biashara yako au shule ya mwanao, muulize diwani wako swali moja tu: jiji limechukua msimamo gani? Likiwa bado halijachukua, mwombe aandike azimio. Udongo uuwahi ungali maji. Ukishakauka, kilichobaki ni kuvunja.