Mashine ya Zirotani: Tazama Chini ya Rangi Kabla Hujalipa

Anayenunua nyumba Marekani, iwe Columbus, Louisville au vitongoji vya Dallas, hununua pia kazi ya kukata nyasi. Miji mingi ina sheria inayoweka kikomo cha urefu wa nyasi, mara nyingi kati ya inchi 8 na 12, na vyama vya wenye nyumba vina masharti yao makali zaidi. Anayezembea hupelekewa onyo, kisha faini. Kwa kiwanja cha robo ekari, mashine ya kusukuma inatosha kabisa. Kuanzia nusu ekari, hasa penye miti na vitalu vya maua vya kuzunguka, wengi huanza kuitamani zirotani: mashine ya kupanda isiyo na usukani, inayoendeshwa kwa fimbo mbili na kugeuka papo hapo ilipo.

Mashine hii ilipata umbo lake la fimbo mbili huko Kansas katika miaka ya 1960, ikatumiwa kwanza na wenye kazi kubwa, kisha ikamfikia mwenye nyumba wa kawaida. Leo za nyumbani huanzia takribani dola 3,000, na zile za makampuni ya kutunza bustani hupita 10,000. Ukizipanga dukani zinafanana: viti virefu, matairi manene, rangi zinazong'aa. Tofauti ya bei haiko kwenye rangi, wala kwenye idadi ya nguvu za farasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kibandiko. Iko kwenye gia za hidroli, deki inayofunika visu, na injini, na baada ya hapo inategemea kama kuna fundi karibu nawe.

Anza na kiwanja chako

Kabla ya kwenda dukani, pima mambo matatu nyumbani: ukubwa, lango na mteremko.

Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Toa eneo la nyumba, njia ya gari na miti, ubaki na nyasi tu. Kisha piga hesabu hii: zidisha upana wa deki kwa inchi na mwendo kwa maili kwa saa, gawanya kwa 99, halafu punguza asilimia 20 kwa ajili ya kugeuka na kupitia tena kingo za mstari uliopita. Deki ya inchi 42 kwa mwendo wa maili 5 hukata kama ekari 1.7 kwa saa. Ya inchi 60, kwa mwendo uleule, hukata kama ekari 2.4. Kwa mwenye ekari moja, hiyo ni tofauti ya dakika kumi kila anapokata. Jiulize kama dakika hizo zinastahili maelfu ya dola, ukijua kwamba deki pana huchuna udongo kwenye uwanja wenye matuta.

Malango ya uzio wa nyuma ya nyumba mara nyingi huwa na upana wa inchi 36 au 48. Namba ya deki ni upana wa kukata, si upana wa mashine. Mdomo wa plastiki unaotupia nyasi pembeni unaweza kuongeza karibu futi nzima. Muulize muuzaji upana wa mashine mdomo ukiwa umekunjwa, na ulinganishe na lango ulilopima mwenyewe.

Mteremko ndio unaoua. Laza ubao ulionyooka juu ya nyasi, weka simu yenye programu ya kupima pembe, usome nyuzi. Watengenezaji wengi huweka kikomo kati ya nyuzi 10 na 15, na nyuzi 15 ni kupanda sentimita 27 kwa kila mita moja ya mlalo. Zirotani huongozwa na kuzuiwa na magurudumu ya nyuma peke yake, kwani yale ya mbele hujizungukia tu. Ya nyuma yakiteleza kwenye nyasi zenye umande, dereva hupoteza uelekeo na breki kwa wakati mmoja. Kama uwanja wako unashuka kwa ukali kuelekea kijito au bwawa, usinunue zirotani kwa ajili ya sehemu hiyo. Ikate kwa mashine ya kutembea nayo, au iache iote miti.

Gia za hidroli

Injini huzungusha mkanda, mkanda huzungusha pampu mbili za oili, na kila pampu husukuma oili kwenye mota ya gurudumu lake. Ukisukuma fimbo ya kushoto, gurudumu la kushoto huenda mbele. Ukivuta ya kulia, la kulia hurudi nyuma na mashine inazunguka mahali pamoja. Kwenye mashine za nyumbani, pampu na mota huunganishwa katika kasha moja kwa kila gurudumu, na makasha mengi hutoka kampuni ya Hydro-Gear ya Sullivan, Illinois, hata kama mashine zenyewe zina rangi na majina tofauti.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hawaulizi. Makasha mepesi, kama yale ya daraja la EZT, yamekusudiwa nyasi tambarare na kazi fupi. Kuanzia ZT-2800 kwenda juu, kasha lina filta, na oili yake inaweza kubadilishwa, jambo linalorefusha maisha yake. Adui wa gia hizi ni joto. Ukipanda mteremko kila wiki au kuvuta trela la udongo, oili huchemka, huwa nyepesi, na mashine iliyoanza na nguvu hulegea baada ya nusu saa. Kubadilisha makasha mawili ni gharama kubwa kiasi kwamba wengi huona afadhali wanunue mashine nyingine. Kwa hiyo ukiwa dukani uliza swali hili kwanza: gia zake ni za namba gani, na oili yake inabadilishwaje?

Deki na visu

Deki ni ganda la chuma linalofunika visu. Ziko zinazogandamizwa kwa mashine kutoka bamba moja jembamba, na ziko zinazoundwa kwa mabamba mazito yaliyochomelewa. Ya kwanza ni nyepesi na hukata vizuri kwenye uwanja laini. Ya pili huvumilia mizizi, mawe na kutu kwa miaka mingi zaidi. Unene hutajwa kwa geji, na hapa wengi huteleza, maana namba ikipungua chuma kinaongezeka. Geji 13 ni kama milimita 2.3, geji 10 ni kama 3.4, na geji 7 hufika kama 4.5.

Chungulia pia spindeli, yaani mihimili inayozungusha visu. Zenye sehemu ya kutilia grisi na zilizoshikwa kwa kasha la chuma zina umri mrefu kuliko zile zilizofungwa moja kwa moja. Kisu kikigonga kisiki, spindeli ndiyo hupokea pigo.

Injini

Kwa deki za inchi 42 hadi 54, nguvu za farasi 18 hadi 24 zinatosha. Tafuta injini ya silinda mbili yenye filta ya oili na chujio la hewa linalofikika bila kufungua nusu ya mashine. Jina la kampuni peke yake halikuambii yote, kwa sababu kampuni moja hutengeneza madaraja tofauti. Kawasaki, kwa mfano, ina FR kwa matumizi ya nyumbani, na FS na FX kwa kazi nzito. Briggs & Stratton huita injini zake za kazi nzito Vanguard, na Kohler hutumia jina Command Pro. Soma kibandiko cha injini, usiishie kwenye nembo ya mashine.

Ziko pia za betri. Hazina oili ya injini, hazipigi kelele nyingi, na kwa kiwanja cha ekari moja au mbili zinafanya kazi vizuri. Uliza bei ya betri mpya na muda wa waranti yake, maana humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya thamani ya mashine. California imekwenda mbali zaidi: kuanzia mashine za mwaka 2024, injini mpya ndogo za bustani haziruhusiwi kutoa moshi.

Duka, fundi na waranti

Maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi huuza kwa bei nzuri, lakini mengi hayatengenezi. Mashine ikiharibika mwezi wa sita, nyasi haziisubiri. Kabla ya kununua, piga simu kwenye gereji ya karibu, uulize kama wanatengeneza mashine ya aina hiyo, kama spea zake wanazo, na foleni ni ya siku ngapi wakati wa majira ya kuchipua. Duka lenye gereji yake linaweza kuuza ghali kidogo, lakini pia hukufungia mashine, hukujaribishia, na hukujua kwa jina unaporudi.

Soma waranti hadi mwisho. Nyingi huhesabu miaka na saa pamoja, na kimoja kikifika kikomo, waranti imekwisha. Wenzetu wengi huanza kukatia majirani nyasi kwa malipo ili kuongeza kipato. Kama huo ndio mpango wako, fahamu kwamba waranti ya mashine ya nyumbani mara nyingi hufupishwa sana au hufutwa ikitumiwa kibiashara. Katika hali hiyo, ni bora mashine ya kazi nzito iliyotumika kuliko mpya ya nyumbani. Hifadhi risiti za oili na filta. Sheria ya shirikisho ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 haimruhusu mtengenezaji kukulazimisha kununua vipuri vya chapa yake ili waranti iendelee, lakini wewe unatakiwa uweze kuonyesha kwamba uliitunza.

Ukinunua iliyotumika

Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kwa sababu kasoro za injini hujificha ikishapata moto. Sikiliza inavyowaka ikiwa baridi, angalia moshi, kisha iendeshe kwa dakika ishirini hadi thelathini na uipandishe mteremko mdogo. Ikilegea au ikivuta upande mmoja, huenda gia zimechoka. Zima injini, toa waya wa plagi, vaa glavu nene, ushike kila kisu na kukitikisa. Kikicheza juu na chini, beringi za spindeli zimekwisha. Kagua nyufa kwenye deki, hasa karibu na spindeli. Rudisha waya, iwashe tena, na visu vikiwa vinazunguka, inuka kidogo kwenye kiti: injini isipozima, kuna mtu alichezea swichi ya usalama, na hiyo ni sababu ya kuondoka.

Soma mita ya saa. Mwenye ekari moja hutumia saa zisizozidi 40 hivi kwa mwaka. Mashine nyepesi ya nyumbani yenye saa 300 imekwisha kula umri wake mwingi, lakini ya kazi nzito yenye saa hizo, ikiwa ilitunzwa, bado ina safari ndefu.

Usalama na matunzo

Ncha ya kisu hupita kilomita 300 kwa saa, na jiwe linalorushwa nayo huumiza vibaya. Usimpakate mtoto, hata kwa dakika moja ya picha. Chama cha madaktari wa watoto Marekani, American Academy of Pediatrics, kinashauri asiendeshe mashine ya kupanda aliye chini ya miaka 16, na mashine ya kusukuma aliye chini ya miaka 12. Watoto wakae ndani ya nyumba unapokata. Kama mashine ina nguzo ya kuzuia kupondwa inapopinduka, isimamishe na ufunge mkanda. Nguzo ikiwa imekunjwa, usifunge mkanda, kwa sababu utakufunga kwenye mashine inayokuangukia.

Tumia petroli yenye ethanoli isiyozidi asilimia 10, kwani E15 na E85 ni za magari. Kabla ya baridi, tia dawa ya kuhifadhi petroli kwenye tangi au uimalize kabisa, la sivyo kabureta itaziba. Fuata ratiba ya oili iliyo kwenye kitabu cha mashine, na angalau ubadilishe mara moja kwa msimu. Ondoa nyasi zilizolundikana juu ya makasha ya gia, maana huzuia upepo wa kuyapoza. Noa visu karibu kila baada ya saa 25, na hakikisha matairi yana upepo sawa pande zote, ama sivyo deki itakata mshazari.

Kwa mwenye ekari moja hadi tatu za nyasi tambarare, chaguo la busara ni deki iliyochomelewa ya inchi 48 hadi 54, gia zenye filta, injini ya silinda mbili, na duka lenye gereji lisilo mbali na nyumbani. Chini ya ekari moja, inchi 42 zinatosha. Ukibaki na shaka kati ya mashine mbili, chagua ile ambayo fundi wake yuko karibu, na kwa pesa utakayookoa kwa kutonunua deki pana kupita kiasi, nunua seti ya pili ya visu.