Hereni za Kauri na Kiota cha Njiani



Somo letu ni Kumb 22:6-7. Fungua Biblia kwanza, ni aya mbili tu. Ukikuta kiota njiani unaruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama yao mwache aende zake. Papa Fransisko aliigusia sheria hii katika waraka wake wa 2015, Laudato Si', namba 68. Leo tuipeleke pwani, kwa wanaotengeneza hereni, vidani na bangili kwa vitu vya baharini.

Kazi hii ni ya kale kwetu. Kule Tumbe, Pemba, wataalamu wa mambo ya kale wamefukua vigae vingi sana vyenye mifereji, vilivyotumika kusugulia shanga zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Hebu fikiria uvumilivu wa kusugua shanga moja moja! Bezaleli wa Kut 31, aliyejazwa roho ya Mungu ili akate vito, angewaelewa watu hawa.

Sasa twende Mafia. Bamvua ikitoka, miamba inabaki wazi na kauri wanaonekana. Wanunuzi wengi hawajui kwamba kauri hung'aa kwa sababu mnyama mwenyewe, akiwa hai, hulifunika ganda kwa nyama yake laini. Akifa, jua na mchanga hulipausha polepole. Kwa hiyo lile linalometameta mezani kama kioo, mara nyingi mwenyewe alitolewa majini akiwa hai. Lililopauka ufukweni mteja analipita tu. Hapo ndipo penye mtihani kwa kijana mwenye koleo, uzi na kodi ya kulipa.

Kwa baragumu hasara ni kubwa zaidi. Konokono huyu hula nyota wa baharini wenye miiba, wale wanaomaliza matumbawe. Ukimuuza, umeuza mlinzi. Mafia ina hifadhi ya bahari tangu 1995, ya kwanza Tanzania, kilomita za mraba 822. Ukiwa ndani yake, uliza ofisini kwao kabla ya kuokota chochote, hata ganda tupu. (Nalo lina mpangaji: kuna kaa mwenye tumbo laini ambaye nyumba yake ni hiyo hiyo.)

Basi tuache sanaa? Hapana, sheria ya Musa haikukataza makinda. Angalia akina mama wa Fumba na Bweleo, Unguja. Hubandika kipande cha nusu duara ndani ya ganda la chaza aliye hai, humrudisha baharini, kisha husubiri miezi tisa hadi mwaka. Chaza hukifunika tabaka kwa tabaka. Hatimaye hukatwa na kusuguliwa, kikawa kidani cha lulu. Chaza hufa, tusidanganyane. Ila huko walitenga pia sehemu ambazo chaza hawachukuliwi, wapate kuzaana. Kwangu mimi, huyo ndiye mama wa kiota aliyeachwa.

Mkikutana VIWAWA wiki hii, kila mmoja aje na kitu anachovaa: hereni, bangili, hata tasbihi. Kiwekeni mezani, msome tena Kumb 22:6-7, mjadiliane: kimetokana na nini? Aliyekitengeneza aliacha nini nyuma? Na wewe uliyenunua, ulimuuliza?